Kofia ya Papa Bati

Filimbi yenye punje ndani haifai Kamina. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana wa brigedi mmeniomba niandike mambo yatakayowasaidia kazini, na hilo angalau nina hakika nalo. Vumbi letu jekundu huingia ndani, punje inanata, na siku unayoihitaji filimbi, inatoa pumzi tu kama mzee aliyepanda mlima. Nunueni isiyo na punje. Muioshe kila Jumapili kwa maji ya moto, wala msimwazime mtu, hata shemeji.

Miaka yangu ya roulage, yaani upolisi wa barabarani, ilipita karibu yote kwenye njia panda moja, ile iliyo kati ya kituo cha treni na soko. Vyeo sitaviandika. Walionipandisha na walionisahau wote wameshastaafu, na wengine tumeshawazika. Nitaandika habari za watu wawili na mashine moja. Nikimaliza, mtaelewa kwa nini sikutaka sherehe ya kuagwa.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya mwanaume, vikubwa kuliko mguu wangu, nikajaza magazeti kwenye vidole. Mwalimu wangu alikuwa Papa Kabange, mzee mwembamba mwenye cheo cha ajida, aliyesimama penye njia panda ile tangu mimi sijazaliwa, au hivyo ndivyo alivyopenda kusema. Alinipandisha juu ya pipa la mafuta lililokatwa nusu na kupakwa rangi nyeupe, akaenda kukaa kivulini. Saa moja haijatimia, baiskeli iliyobeba magunia matatu ya makaa ilinipiga ubavuni. Nikaanguka chini na pipa langu. Nilikuwa nimekaa mavumbini nikilishika goti niliposikia sauti yake ikitoka kivulini.

"Kepi! Kamata kepi kwanza! Goti utaiangaria kiisha!"

Nikaiokota kofia, nikaivaa, nikasimama na damu inatiririka hadi kwenye magazeti ya viatu. Ndipo akaja, akanifunga goti kwa leso yake mwenyewe, huku akinieleza polepole kana kwamba mimi ni mgeni wa nchi.

"Bantu habaheshimu weye, mwanangu. Banaheshimu kepi. Kepi ikiwa chini, weye uko mupita njia tu, na gari itakupita juu. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Basi. Ukianguka, kepi kwanza."

Nimeanguka mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nilifanya hivyo bila kufikiri. Alinifundisha pia kutomtazama dereva machoni. Dereva anaweza kukudanganya, alisema, lakini gurudumu halijui kudanganya, tazama gurudumu. Na lori la mahindi linalotoka Kaniama halisimami pale dereva anapotaka, linasimama pale mzigo unapotaka. Hayo mawili yameokoa watu wengi kuliko sheria zote nilizokaririshwa. Papa Kabange alifariki kitandani kwake, kofia imetundikwa juu ya kichwa chake, na sijui mtu mwingine wa kazi yetu aliyepata bahati hiyo.

Mtu wa pili ni Mama Kapinga. Alikuwa akiuza vitumbua. Alifika Kamina miaka ile Wakasai walipofukuzwa mkoani, wakakaa kituoni wakisubiri treni za kuwarudisha kwao, wengine kwa miezi, wamelala juu ya mizigo yao. Mama yake mzazi alifia palepale kituoni, akazikwa hapa. Treni ilipopatikana, ndugu zake wakapanda. Yeye akabaki. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa kwa kuuliza. Nani angefagia kaburi?

Kila mchana alivuka njia panda yangu akitoka upande wa kituo kwenda sokoni, beseni kichwani, na saa kumi alivuka kurudi. Miaka ilivyokwenda, macho yake yaliingia ukungu mweupe. Daktari wa macho huja Kamina akipenda. Mara mbili jina la Mama Kapinga liliandikwa kwenye orodha yake, na mara mbili daktari hakuja. Basi tukapatana naye alama. Nikisimamisha magari, nilipiga filimbi mara mbili fupi. Yakishasimama kabisa, nikapiga moja ndefu, na hiyo ndefu ilikuwa yake. Akiisikia, aliingia barabarani bila kugeuza shingo, beseni limenyooka. Akinifikia katikati, aliweka kitumbua cha moto kwenye glavu yangu, akasema "tuasakidila", yaani asante kwa lugha ya kwao, akaendelea. Glavu yangu ya kulia haikukosa doa la mafuta hata siku moja. Komanda mmoja alinikaripia kwa doa hilo, kisha naye akazoea kuja kuulizia vitumbua.

Watu wakaniita Ma Sifflet, yaani Mama Filimbi, na yeye akaniita hivyo. Ukiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, sitakutajia msafara wa mkubwa yeyote. Ilikuwa hiyo. Mwanamke asiyeona avuke barabara mara mbili kwa siku, afike.

Mwaka wangu wa mwisho ililetwa roboti. Ilitoka Lubumbashi juu ya lori, imelazwa katika majani makavu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wengi wenu mliiona. Kichwa, kifua chenye taa, mikono miwili inayoinuka, na mgongoni kibao cha kunasia jua. Miguu ilikuwa nayo, ila haitembei. Sauti yake ilikuwa ya kike, Kiswahili cha Lubumbashi kabisa, lakini kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa bati jeupe na mabega mapana, mji ukamwita Papa Bati.

Fundi wake, kijana mpole aitwaye Mwamba, alikaa nasi siku nne. Nilimuuliza miguu ni ya nini ikiwa haitembei.

"Ni juu bantu bamuheshimu, Mama," alisema akicheka. "Ukiweka nguzo tu na taa, banaigonga. Ukiweka muntu, banasimama."

Kisha akanionyesha utepe wa kioo cheusi uliozunguka paji la uso wa Papa Bati hadi kisogoni.

"Macho yake yote iko hapa. Inaangaria kama gari imesimama kweli. Ikiona ingali inatembea, inanyamaza, haiite bapieto, bale banapita na miguu. Kichwa yake musifunike."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa mbali naye, na hakukuwa na kelele. Naandika hili ili mtu asije akanitetea kwa kusema sikuambiwa.

Msidhani niliichukia mashine. Kuna wazee waliosema imekuja kutunyang'anya mkate. Mimi nilimaliza kazi mwaka huohuo, na nyuma yangu walibaki askari wawili: mmoja ana malaria ya kudumu, mwingine ana binamu Kolwezi anayemwita kila wiki aende huko kwenye migodi. Papa Bati haugui malaria wala hana binamu. Nikasema moyoni, Mungu amesikia, huyu ndiye atakayempitisha Mama Kapinga nikishaondoka. Mjini watu walikuwa na ndoto kubwa zaidi. Muuguzi jirani yangu alisema itakuja nyingine ya hospitalini, ya kuwainua wagonjwa, maana mgongo wake umekwisha. Komanda alisema wageni watakuja kutazama kazi ya Papa Bati, na wakiridhika wataleta wawili zaidi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mji huu ulisubiri kitu ambacho si treni.

Mama Kapinga ndiye hakutaka.

"Miye siende," alisema, amesimama ukingoni na beseni lake. "Ile kintu haina mama."

"Mama, inaona kupita miye. Inaona mbele na nyuma."

"Inajua jina yangu?"

"Haijue."

"Sasa inapitisha nani?"

Nikamshika mkono. Wiki tatu nilivuka naye. Kwanza tulivuka kwa filimbi yangu pamoja na sauti ya Papa Bati, kisha kwa sauti peke yake mimi nikiwa pembeni yake, kisha mimi nikiwa hatua kumi nyuma. Sauti ilisema, "Bapieto, bapite," naye akaingia. Mara mbili niliona kwa macho yangu lori likishindwa kusimama vizuri, na Papa Bati akanyamaza. Mama Kapinga alibaki ukingoni akisubiri, mguu mmoja mbele, hadi lori likapita na sauti ikaita. Mara ya pili nilitoa machozi. Ilimwona kuliko nilivyomwona mimi. Siku alipovuka peke yake kabisa, aliweka kitumbua kwenye mguu wa bati. Kililiwa na sisimizi, lakini aliweka kingine kesho yake.

Shida ilikuwa mawewa. Madereva wa pikipiki wa mji huu hawasimamishwi na kitu kisichokuwa na kofia. Walimzunguka Papa Bati kama kuku anavyozunguka mtama ulioanikwa, wakapita taa nyekundu wakicheka, na wenye magari wakaanza kuwafuata. Nikamkamata mmoja begani.

"Huoni mukono iko juu?"

"Mama, ile haina kepi," alinijibu kwa adabu kabisa. "Haiko chef, haiko mukubwa."

Mwenzenu asiye wa Kamina angecheka. Mimi sikucheka, maana ndivyo nilivyofundishwa na Papa Kabange nikiwa na damu gotini. Komanda akaniita ofisini akasema wageni wanakuja wiki ijayo na njia panda ni fujo, nipange. Nikapanga. Jumatatu asubuhi nilivua kofia yangu nikamvisha Papa Bati, na mimi nikasimama kichwa wazi juani.

Mawewa walicheka, kisha wakasimama. Wallahi walisimama, kama anavyosema Mzee Saidi mwuza vitambaa, ambaye mababu zake walitoka Maniema na ambaye alifunga duka aje kutazama. Mmoja akapiga saluti. Nilijisikia nimefanya jambo la akili kuliko yote ya maisha yangu.

Upepo ndio ulioharibu. Kofia ikaruka mara mbili, mara ya pili ikakanyagwa na baiskeli. Siku ya tatu nikakata kipande cha shambarere, ule mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, nikaifunga. Ili ikae, ilibidi niivute hadi kwenye paji la uso, na kwa kweli ndivyo inavyovaliwa. Kofia inayokaa juujuu ni ya mlevi. Utepe wa kioo ukaingia chini yake. Je, niliyakumbuka maneno ya Mwamba? Niliyakumbuka. Nikajiambia kioo ni kirefu, kinazunguka, lazima kuna mahali kimebaki wazi. Nikakaa siku nzima nikimtazama: mikono iliinuka, taa zilibadilika, sauti iliita, watu walivuka. Sikujua kwamba mashine ile ikishindwa kuona hufuata saa tu, kama kengele ya kanisa inayolia hata kama hakuna aliyeamka. Hilo niliambiwa baadaye.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha na kofia yangu. Komanda akaniagiza nisimame pembeni kuanzia siku hiyo, kwenye baraza ya duka la Mzee Saidi, filimbi mfukoni, nisiingilie. Papa Bati azoee kazi peke yake, na mji umzoee.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Lori la mahindi lilikuwa likija kutoka njia ya Kaniama, limejaa hadi kamba zinalia. Mkono wa Papa Bati ukainuka, taa ikawa nyekundu, dereva akakanyaga breki. Kwa mazoea nikatazama gurudumu. Gurudumu lilikuwa limesimama, lakini lori lilikuwa linakuja, linateleza juu ya vumbi kwa uzito wa mahindi. Nikasubiri Papa Bati anyamaze.

"Bapieto, bapite," akasema.

Mama Kapinga akaingia barabarani, beseni limenyooka. Nilipiga kelele. Filimbi ilikuwa ndani ya mfuko wenye kifungo, na kifungo kile sijawahi kukifungua haraka hata siku moja. Nilichofanya dakika iliyofuata nitakiandika mwishoni, sina nguvu nacho sasa.

Tulimzika karibu na mama yake. Siku ya ajali watu walimpiga dereva hadi nikalazimika kumlalia juu nimkinge, kisha wakamgeukia Papa Bati kwa mawe wakamvunja mkono. Jioni hiyohiyo alibebwa akatupwa kwenye ghala nyuma ya komisaria, kituo chetu cha polisi, kati ya pikipiki zilizokamatwa, akafunikwa turubai. Mnamjua. Huwa mnatundika makoti ya mvua kwenye mkono wake uliobaki.

Mwamba alirudi kutoka Lubumbashi, macho mekundu kwa safari. Alikaa ghalani saa nyingi na taa yake ndogo. Kisha akaniita, akanionyesha kwenye kioo cheusi mstari wa mpira mweusi uliosuguliwa.

"Mama, iko kintu ilifungwaka hapa?"

"Hapana," nikasema.

Akazima taa yake ndogo. Nilikuwa mkubwa kwake kwa umri, na mimi ndiye niliyempikia ugali siku zile nne. Akaandika kwamba macho ya mashine yaliharibika bila sababu kujulikana. Komanda alikuwa ameiona kofia, na mji mzima uliiona, lakini hakuna aliyejua macho yako wapi isipokuwa Mwamba na mimi. Wale roboti wawili wakapelekwa mji mwingine. Dereva alifungwa kwa breki mbovu, na breki zake hazikuwa mbovu kuliko za wenzake. Muuguzi jirani yangu bado anainua wagonjwa kwa mgongo uleule, na kila tukionana ananiambia heri hazikuja, zinaua. Namwitikia.

Nyinyi ni vijana, mtayaona mengine. Zitakuja tena mashine zenye sura ya mtu. Zitatembea, zitabeba maji, zitalala nyumbani kwenu zikiwalinda wazee. Watu wananiuliza kama zitafaa, nami ndiye wanayedhani ninajua. Ile moja ilifaa. Iliona vizuri, ilinyamaza ilipopasa, haikuomba kitu kwa mtu. Lakini waliipa sura yetu ili tuiheshimu, na sisi tukaifanyia tunavyofanyiana: tukampa ukubwa kwa kofia, tukamziba macho, kisha kosa likawa lake. Yeye hakuwa na neno la kusema toeni kitu hiki, sioni. Sitarajii kwamba zile zijazo zitatukuta tumebadilika. Ningependa kuandika kinyume. Nimejaribu, nimechana karatasi mbili.

Njia panda haina mtu sasa. Mwenye malaria ana malaria, na mwingine amemfuata binamu. Nikienda kufagia makaburi yale mawili, navuka kwa kukimbia, mzee mzima, kama mbuzi.

Imebaki dakika ile. Kutoka barazani, Mama Kapinga alikuwa amelala mbali kidogo, pale lori lilipomtupa, na Papa Bati alikuwa karibu. Vitumbua vilikuwa vimetapakaa hadi miguuni pangu. Watu walikuwa bado hawajaanza kukimbilia pale. Alikuwa hai, na alikuwa akiita, si kwa nguvu, kama mtu aliye ukingoni anayesubiri zamu yake.

"Ma Sifflet! Uko wapi? Piga basi, nipite."

Nilikimbia. Nilikimbilia kwa Papa Bati, nikaukata ule mpira kwa meno, nikaivuta kofia yangu, nikaivaa. Ndipo nikaenda kwa Mama Kapinga, nikapiga magoti. Kofia ilikuwa imekaa sawasawa kichwani, na yeye alikuwa ameacha kuita.